Udiwani wa Kaka, Nikabu Yangu

Mlionifuata tangu mwanzo mnanijua. Mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, nisikilizeni haraka, maana msiba mmoja siulilii mara mbili.

Jina langu Kausar Dar. Nimezaliwa Bolton, nimesomea Bolton, nimeolewa Bolton na nimeachwa Bolton. Waheed, mume wangu, alinipa talaka kwa simu, amekaa ndani ya gari na mwanamke wa Leicester, nikimsikia mwanamke mwenyewe anatafuna karanga. Mwezi huohuo kiwanda cha vitanda nilichokuwa nashona magodoro kikafungwa, mashine zikahamia Romania. Kaka yangu Iftikhar akanipa chumba juu ya mgahawa wake, Chand Mahal, na kisu cha kumenyea vitunguu.

Namshukuru. Lakini jueni kwamba shukrani nayo ni kamba, na ncha yake ya pili kaishika yeye.

Nikabu naivaa tangu mama yetu afariki. Hilo limewatia watu wengi kazi ya kunihurumia. Kila wiki atatokea mmoja, aniulize kwa sauti ya hospitalini kama kuna mwanamume ananilazimisha. Ndiyo, huwa nawajibu. Wanaume wote wa maisha yangu wamenilazimisha. Wamenilazimisha kuivua.

Wiki iliyopita niliwaacha pale kaka amesimama mlangoni mwa jiko, kavaa suti ya bluu, kanikabidhi kitambaa cha maua kama cha bibi kizee wa Kiingereza anayekwenda kulisha njiwa.

"Vaa hiki kichwani," alisema. "Hiyo ya usoni ivue. Alhamisi tu, jioni moja."

"Alhamisi kuna nini?"

"Anakuja Mheshimiwa Crispin Aldous-Bray. Mbunge, Kausar! Anakuja kula hapa kwangu, na Bi Philippa Garside, mwenyekiti wetu wa chama, anakuja naye. Wakiondoka wameshiba, mimi ni mgombea wa udiwani. Sasa uso una nini hata usionekane?"

"Wangu hauna kitu. Wako ndio una kitu. Una njaa."

"Usinitanie. Mimi ni mkubwa wako."

"Kaka, huyu Aldous-Bray si ndiye aliyesema redioni kwamba yule kigogo wao aliyetuita wavaa nikabu masanduku ya posta alikuwa anatania tu, na kwamba sisi Waislamu tujifunze kucheka?"

"Ile ni siasa."

"Basi cheka nikuone."

Hakucheka. Alikaza tai yake mpaka shingo ikafanya mikunjo.

Yeye angechekaje? Hakuwamo ndani ya basi siku ile, baada ya maneno ya kigogo kutoka gazetini. Mimi ndiye niliyekuwamo. Bwana mmoja mzima, mwenye mvi na pete ya ndoa, alinijia na karatasi yake ya kamari, akajifanya anataka kuipenyeza hapa kwenye macho. "Hii iende London!" alisema, akageuka kuwatazama wenzake wacheke.

Nikamwambia, kwa Kiingereza cha Bolton kilichomkaba koo, "Baba, sanduku hili halipokei takataka. Pipa liko pale mlangoni."

Basi zima likaangua kicheko. Akashuka kituo ambacho hakikuwa chake, kwenye mvua.

Nilishinda. Lakini nilipofika chumbani nilikaa kitandani na koti langu na viatu vyangu vilivyolowa, nikashindwa hata kufungua kifungo. Hilo sikumwambia mtu.

"Sivui," nilimwambia kaka.

"Kausar, ni kwa ajili ya familia."

"Hata kura ile ya kutoka Ulaya ilikuwa kwa ajili ya familia. Ulizunguka mitaa yote na vikaratasi vyako, ukawaambia wenye migahawa wenzako, tukitoka Ulaya mlango wa Wapolandi utafungwa na mlango wa wapishi wetu utafunguliwa. Watashuka kutoka Lahore kwa ndege nzima nzima, ulisema. Haya, wako wapi? Ustadh Ghulam, mpishi wako, mgongo umemshinda, karudi kwa mwanawe Bradford. Mpishi pekee aliyekuja ni mimi, na nimetokea ghorofani!"

"Bado hatujatoka," alisema. "Tukitoka kabisa utaona."

"Miaka inakwenda mnatoka. Hata mgeni asiye na adabu akishavaa viatu huaga."

Mwishowe tukapatana hivi: nikabu yangu ibaki, ila nami nibaki jikoni. Dirisha la kupitishia chakula lifungwe, chakula apokee mhudumu wetu Bogusia mlangoni. Nikasema sawa. Sikuwa na hamu ya kumwona mbunge akila.

Alhamisi ikafika. Tangu asubuhi nilikuwa na sufuria ya nihari, nyama ya ng'ombe ya mguu inayochemka taratibu mpaka inaachana na mfupa bila kuombwa. Huu ulikuwa mchuzi wa mama yetu. Kaka hajui kuupika. Anajua kuusifia tu.

Wa kwanza kuingia hakuwa mbunge. Alikuwa mzee Norman Entwistle, na kofia yake.

Norman alifanya kazi na marehemu baba yetu katika kiwanda cha pamba, zamu moja, mashine zinatazamana. Baba alipozikwa, Norman alisimama makaburini na soksi zake zimejaa tope, hajui aweke wapi mikono. Tangu hapo kila Alhamisi anakula Chand Mahal, meza ileile iliyo karibu na jiko. Karahi ya kondoo, mchuzi mzito wa kikaangoni, na chipsi. Ukimpa wali anauliza kamkosea nani.

"Mzee Norman," kaka alimwambia, "leo nina wageni wakubwa. Njoo kesho."

"Kesho ni Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa."

"Ijumaa nakula samaki. Alhamisi ni yangu tangu huyo mgeni wako hajaota meno." Akaketi.

Bogusia akamletea maji na karahi yake. Bogusia ni Mpolandi wa Poznań, ana miaka mingi hapa kuliko meza zenyewe, na yeye na Norman wana ugomvi wao ambao hawauachi kama vile wengine wasivyoacha sigara.

"Umesikia habari leo, mzee?" Bogusia alimwanza. "Wamepiga kura tena bungeni. Wamekataa kutoka, wamekataa kubaki, wamekataa na kukataa."

"Hawana kiongozi hata mmoja," Norman alinguruma. "Wale wa huku ni vitoto vya shule za bei mbaya. Wale wa kule hawajui wanataka nini. Ningewapa zamu moja tu kiwandani, kabla ya saa ya chai wote wangekuwa wamekatwa vidole."

"Wewe ndiye uliyewapa kazi hiyo. Ulipiga kura mimi niondoke."

"Sikupiga wewe uondoke! Nimekuambia mara ngapi, binti? Nilipiga wale wengine waondoke."

"Wengine akina nani?"

"Wale... nisiowajua."

"Na kuna mzee mwingine huko aliko, kapiga kura mimi niondoke kwa sababu hanijui."

Norman akaikoroga karahi yake. "Basi nipelekeni kwa huyo mzee nikamweleze," alisema. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, na manukato yakaingia kabla ya watu.

Sikuwaona, niliwasikia. Dirisha lile la jikoni ni la mbao nyembamba, hata mtu akimeza mate upande wa pili unajua kameza. Nikamsikia kaka yangu akicheka kicheko nisichokijua, kirefu, cha puani. Nikamsikia Bi Garside akisifia mapazia. Kisha sauti ya Mheshimiwa, nene, ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa arudie alichosema.

"Bwana Dar, watu kama wewe ndio fahari yetu. Mchapakazi, mfanyabiashara, umechagua kutoka Ulaya. Si mtu wa kulialia."

"Kabisa, Mheshimiwa," kaka alisema.

"Na ile kelele ya mavazi?"

"Kelele tupu, Mheshimiwa. Mimi binafsi nilicheka."

Kijiko kikanitoka mkononi. Kikaanguka ndani ya sufuria, nikakiopoa.

"Hapa kwetu," kaka aliendelea, "hatuna mambo hayo. Sisi ni watu wa kisasa."

Mwanamke wa kisasa alikuwa nyuma ya ubao, kajifunga aproni, anawapakulia nihari.

Bogusia aliichukua mlangoni. Alikuwa mwekundu masikioni. "Ameniuliza narudi lini kwetu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ameuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza treni."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemuuliza kama anataka kitunguu."

Ukimya ukaingia kule mbele, ule ukimya wa watu waliotia chakula kinywani wakajisahau. Halafu Mheshimiwa akagonga meza.

"Bwana Dar! Hii ni kitu gani? Nimekula kwenye mahoteli ya mabalozi sijakutana na kitu hiki. Nani amepika? Mlete nimpe mkono."

"Ah, mpishi wetu, Mheshimiwa... ni bwana mmoja kutoka Lahore. Ana haya sana. Kiingereza hakipandi."

"Basi nitamfuata mwenyewe!"

"Hapana, hapana, jikoni kuna moto..."

Nitasema nini? Ningekaa. Wallahi ningekaa, maana nilikuwa nimeahidi. Kaka angesema mpishi ni mgonjwa, mpishi amekwenda kuswali, ningevumilia. Lakini kuugeuza mchuzi wa mama yangu ukawa wa bwana wa Lahore mwenye haya!

Nikafungua mlango, nikatoka na upawa mkononi.

"Mpishi ni mimi," nilisema.

Mgahawa ulikuwa umejaa, na wote wakaacha kula. Bi Garside, mwembamba, na lulu shingoni, aliweka uma chini polepole, kama mtu aliyeona mbwa asiyemjua. Kaka alikuwa amesimama katikati, na suti ya bluu ilikuwa imembana ghafla.

Mheshimiwa Aldous-Bray akainuka. Mtu mrefu, mashavu ya waridi.

"Unasema... Kiingereza?" aliniuliza, akitenganisha maneno kwa ajili yangu.

"Kidogo," nilisema. "Nimekianza hospitalini, pale juu, siku niliyozaliwa. Wewe umekianzia wapi?"

Norman akapaliwa na chipsi.

Sasa jamani, mtazameni huyu mbunge, msidhani ni mjinga. Mimi nilimdhani mjinga. Macho yake yalitoka kwangu, yakaenda kwa Bi Garside, yakarudi kwangu, na nikaona kabisa wazo likiingia kichwani mwake na kuvuta kiti. Watu walikuwa wanamshambulia kwa yale maneno ya redioni. Na hapa mbele yake, bila gharama, imesimama dawa.

"Ajabu kabisa!" alisema. "Picha! Lazima tupige picha. Mimi na mama huyu, na upawa wake hivyohivyo. Philippa, simu yako."

"Crispin, hilo ni wazo zuri sana," Bi Garside alisema, na yule mbwa asiyemjua akawa paka wa nyumbani.

Na kaka yangu? Mtu aliyeniambia nivue, nijifiche, nisikohoe? Alinikimbilia, akanishika kiwiko.

"Simama hapa, Kausar. Hapa kwenye taa. Iweke vizuri hiyo nikabu, imekwenda upande."

"Juzi ulitaka niivue."

"Ivae vizuri, nimesema!" Hilo alilisema kwa Kipunjabi, kwa meno yaliyofungwa, huku anatabasamu upande wa wageni.

Nikakitoa kiwiko changu mkononi mwake.

"Mheshimiwa," nilisema, "nina swali moja kabla ya picha. Ulisema tujifunze kucheka. Mimi nimejaribu. Bwana mmoja alitaka kunitia karatasi usoni ndani ya basi kwa sababu ya utani wenu. Nionyeshe pale pa kucheka, maana nimepatafuta."

Mashavu ya waridi yakabaki waridi. "Nasikitika sana kama kuna mtu alikukosea adabu, mama. Lakini hii ni nchi huru. Mtu ana uhuru wa kusema, hata yasiyopendeza."

"Vizuri. Nami nina uhuru wa kutosimama."

Nikageuka niende zangu jikoni. Hapo ndipo Bi Garside alipomuuliza kaka, kwa sauti ya baridi, "Bwana Dar, huyu mama ni nani wako?"

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Mtu anapoulizwa wewe ni nani wake, miguu yako inataka kusikia.

"Si yeyote," kaka alisema. "Ni mfanyakazi tu. Mwanamke aliyeachwa, tulimwonea huruma."

Mimi nimetukanwa sana. Nimeitwa jambazi, mzimu, mfuko wa taka. Waheed aliniita mzigo, na akalirudia kwa Kiingereza ili yule wa Leicester aelewe. Lakini hayo yote yalinigonga kwa nje. Hili liliingia kinamoingia chakula.

Sikuweza kusema. Mimi, Kausar, ambaye mdomo wangu haujapata kukosa neno!

Aliyesema ni Norman.

Aliinuka kwa shida, kashika ukingo wa meza, kitambaa cha kufutia mikono bado kimening'inia kwenye kola.

"Iftikhar," alisema. "Rudia."

"Mzee Norman, keti, tafadhali."

"Rudia, maana masikio yangu yameharibiwa na mashine. Umesema huyu ni nani?"

Kaka alimgeukia Mheshimiwa, akatoa kicheko kile cha puani.

"Huyu," Norman aliwaambia wale wageni, "ni Kausar, binti Bashir Dar. Dada yake huyu bwana, tumbo moja. Nimewaona wote wawili wakiwa na meno ya mbele yameng'oka, wamepanda mabega ya baba yao kwenye sherehe ya kiwanda. Na nisikilizeni, mimi hicho kitambaa sikipendi. Nimemwambia mwenyewe, na leo nasema tena mbele yake, sikipendi. Napenda kumwona mtu ninayesema naye. Na hiyo kura yenu niliipiga, na ningeipiga tena kwa kuwachukiza tu. Lakini Bashir alinibeba mgongoni siku mguu wangu uliponaswa kwenye mashine. Alinibeba mpaka nje. Na mwanawe anamkana binti yake kwa ajili ya kiti cha udiwani!"

Akautazama udiwani wenyewe, yaani Mheshimiwa na Bi Garside, kama mtu anayetazama samaki aliyelala dukani.

"Kiti chenyewe kinahusu mapipa ya taka," alisema, akaketi.

Kuna mteja aliyekuwa ameinua simu, anapiga video. Kaka alimwona, ila kwa kuchelewa. Mheshimiwa alichukua koti lake. Bi Garside alichukua koti lake. Hakuna aliyeaga. Nihari ya mama yangu ilibaki mezani, inatoa moshi, na mbunge alikuwa amekwisha kuifuta nusu ya bakuli kwa mkate. Hata yeye kitu kizuri alikijua.

Nilipanda chumbani, nikafunga mlango kwa komeo.

Asubuhi kulikuwa na chai nje ya mlango. Kaka mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, na suti ileile, sasa imekunjamana kama imelaliwa na ng'ombe. Ilikuwa imelaliwa naye.

"Nimekuletea chai," alisema.

"Naiona."

"Ulimi uliteleza, Kausar."

"Ulimi hautelezi kwenye neno lisilokuwamo kinywani."

Aliinamisha kichwa. Nikaona upara wake wa utosini, ule wa baba. Aliniambia Bogusia ametundika aproni yake na kuondoka. Kasema anakwenda Poznań kwa dada yake, na kwamba safari hii hakuna aliyemfukuza, amechoka tu kuulizwa anarudi lini. Aliniambia ile video imezunguka nchi nzima, mpaka binamu yetu wa Toronto kampigia. Aliniambia wenzake wa msikitini hawakumsogelea alfajiri, safu ilijaa pande zote ila yake.

Mambo hayo yote ni ya kujionea huruma, na nilikuwa tayari kumjibu. Halafu akasema jingine.

"Nilikutazama ukiwa umesimama pale, nikajua ukigeuka nitaona macho yako. Nikaomba usigeuke. Mtu gani anaomba dada yake asigeuke?"

Akalia. Kaka yangu huwa halii. Alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi.

"Wallahi, siasa nimeiacha," alisema. "Wampe mwingine. Nitapika, nitafagia, utakuwa mwenye nusu ya mgahawa huu. Nilikosea na kura ile, nilikosea na hawa watu. Nimeiacha."

Nilikuwa nimejiandaa kumdharau mpaka kiangazi. Dharau ilikuwa tayari, imeiva, nimeilalia. Nikaketi kwenye ngazi juu yake, nikachukua ile chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Nikainywa.

Kengele ya mlango wa chini ikalia, nikafunga nikabu, nikashuka kufungua.

Alikuwa Bi Philippa Garside. Lulu zilezile, viatu vya mvua.

"Bi Dar," alisema. Si mama, si mpishi. Nimepanda cheo kwa usiku mmoja. "Naweza kuingia?"

"Ingia. Vua viatu, ngazi zimepigwa deki."

Akavua. Kusimama kwake pale kwa soksi, kidole gumba kimetoboa, kulinipa raha ambayo naiungama kwenu bila haya.

"Nitasema wazi," alianza. "Ile video imetuumiza. Mheshimiwa Aldous-Bray amerudi London na hatapokea simu kwa muda. Kaka yako... tumeona bora jina lake liondolewe. Lakini kamati imekaa asubuhi hii, na kuna wazo. Watu wamekupenda. Unasema kama wao. Unajua kujibu. Tunataka ugombee wewe, kwa tiketi yetu. Hivyohivyo ulivyo, na nikabu yako. Itakuwa historia."

Hivyohivyo nilivyo! Wiki jana wangenivusha barabara nisiwasogelee.

"Bi Garside, jina langu unalijua?"

"Bi Dar."

"La kwanza."

Akatazama juu, kisha pembeni. Kaka akanong'ona pale kwenye ngazi, "Kausar," kama mwanafunzi anayemsaidia mwenzake mtihani.

"Kaka alitaka niivue apate kura," nilimwambia, "nyinyi mnataka niivae mpate kura. Nyote mnazungumza na kitambaa. Nimekisikiliza sana hiki kitambaa, mama, hakina maoni yoyote juu ya mapipa. Mimi ninayo. Mtaa wangu mapipa hayachukuliwi, taa za barabarani zimekufa, na basi la mwisho mmelifuta. Nitagombea."

Uso wake ukang'aa.

"Kwa jina langu mwenyewe. Bila chama. Mzee Norman atanitilia saini kwenye fomu, hata kama ni kwa kuwachukiza tu."

Uso ukazimika. Mwanamke yule hakukasirika, jamani. Ningependa angekasirika. Aliinama, akavaa viatu vyake taratibu, mguu mmoja na wa pili, akavuta zipu. Kisha akainua macho, na hakuyaelekeza kwangu. Aliyaelekeza nyuma yangu, kwenye ngazi.

"Katika hali hiyo, Bwana Dar," alisema, "jina lako halijaondolewa rasmi. Kura za mtaa huu zikigawanyika kati ya ndugu wawili, mshindi ni yule mwenye chama nyuma yake. Kamati inaweza kusahau jioni ya jana. Watu husahau haraka sana ukiwapa mtu wa kuwa upande wake. Uko nasi?"

Akanyoosha mkono, ukapita kando ya bega langu.

Nikageuka. Kaka alikuwa amesimama. Machozi hayajakauka kwenye ndevu zake, na kikombe changu kitupu kilikuwa kimeshikwa na mkono wake wa kushoto. Hakunitazama. Alikuwa anautazama ule mkono mweupe wenye pete, na midomo yake ikicheza kama mtu anayesoma kitu kwa mbali.

"Kaka," nilisema.

Akakiweka kikombe chini kwenye ngazi, kwa uangalifu mkubwa, kisimwagike kitu ambacho hakikuwamo. Kisha mkono wa kulia ukaenda shingoni, ukaitafuta tai, ukaanza kuikaza.